Bwana wa Sura ya Nne

Nyumbani, 8 Januari

Kwako Shangazi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku hatujambo. Mke wangu goti bado linamsumbua, ila anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Watoto wamefungua shule, na mkubwa ameanza kuvaa miwani, kwa hiyo damu ya upande wenu imefika. Kaburi la Baba tumelijengea ukuta mdogo. Siku ya kuuweka wakfu sikukuona, wala sikutarajia kukuona.

Nije kwenye shabaha. Kamati ya Kanisa imeamua kitabu cha Maisha ya Baba kitoke mwezi wa Agosti, tutakapofungua Ukumbi mpya. Kazi ya kuandika nimekabidhiwa mimi, kama mwanawe wa pekee na kama Msaidizi wa Mchungaji. Nimefikisha kurasa mia na arobaini, bado kuna sura moja inanisumbua. Mzee wa Kanisa, yule mwenye duka la vioo, ndiye aliyesema tukupe wewe uzipitie, kwa kuwa umehariri vitabu vya shule miaka thelathini na minne na huwezi kuwakatalia ndugu zako. Mimi nilipendekeza mtu mwingine. Naona ni vyema ujue hivyo.

Ombi langu ni dogo. Angalia tahajia na nukta. Herufi Kubwa usiziguse. Najua huko ofisini mna kanuni zenu, lakini hiki si kitabu cha jiografia. Huu ni Ushuhuda, na Mambo Matakatifu huandikwa kwa heshima yake.

Mwana wa kaka yako,
Msaidizi wa Mchungaji


Ofisini, 2 Februari

Mwanangu,

Sijambo. Jicho la kushoto wamelitoa mtoto wa jicho, la kulia linangoja zamu. Bado nakaa chumba kilekile juu ya duka la vifaa vya umeme, na bado mwenye duka anajaribu redio zake saa moja asubuhi, zote kwa pamoja. Hapa kazini wametuletea mkuu mpya. Juzi alisema mswada "unapumua". Ulikuwa mswada wa hesabu za darasa la nne. Mpe pole mkeo. Huyo mjukuu mwenye miwani mwambie asome vitabu vizuri, na kwa sababu hiyo usimwanzishie na chako.

Ukurasa wa kwanza una maneno mia mbili na herufi kubwa sitini na moja. Nilizihesabu mara mbili, maana jicho ni jipya. Umempa herufi kubwa Mungu, sawa, ni jina lake. Kisha ukampa Kiti, ukampa Mimbari, ukampa Kipaza Sauti, ukampa Baiskeli. Baiskeli, mwanangu. Ilikuwa na breki ya mguu na kengele isiyolia, nimewahi kuipanda.

Nikueleze kama ninavyowaeleza wageni wa hapa wiki yao ya kwanza. Mungu anayeabudiwa, kubwa. Miungu mingine, ndogo, na hapo hatumtukani mtu, ni sarufi tu. Biblia na Kurani kubwa, kwa kuwa ni majina ya vitabu. Mchungaji akitangulia jina la mtu mpe kubwa. Akisimama peke yake ni mchungaji tu, na angeweza kuwa wa mbuzi. Roho Mtakatifu, kubwa. Roho iliyonipaa nilipoisoma kazi yako, ndogo. Bwana wa mbinguni, kubwa; bwana wa kuuza vioo, ndogo, hata akiwa na duka la ghorofa.

Sasa twende ukurasa wa tisa. "Ndipo Yeye akainuka, na Macho Yake yakawaka." Nilijiweka sawa kwenye kiti, nikidhani Mwenyezi ameingia mwenyewe. Kumbe ni kaka yangu anainuka kufuata chumvi. Kaka yangu alikoroma, aliogopa paka, na hakuwahi kurudisha mwavuli wa mtu. Nimemshusha herufi mara mia mbili na kumi. Kalamu nyekundu imekwisha, nimefungua ya pili.

Shangazi yako


Nyumbani, 19 Machi

Kwako Shangazi,

Kwetu ni wazima. Mtoto wa pili ameng'oka jino. Mke wangu aliisoma barua yako akacheka, nikamwambia aache.

Kurasa nimezipokea, zimetapakaa wekundu kana kwamba mtu amechinjia juu yake. Nilizipeleka kwa Kamati. Mzee wa Kanisa alisema mtu akizoea kuandika kila kitu kwa herufi ndogo, mwisho hata imani yake hupungua kimo. Sikumpinga. Mara yako ya mwisho kukaa kwenye benchi la kanisa lolote ilikuwa lini? Baba akiulizwa habari zako alikuwa akisema tu, "Dada yangu anasahihisha," halafu anabadili mazungumzo. Tulidhani anakuonea haya.

Hata hivyo mimi si mtu mgumu. Baiskeli nimeishusha. Kiti pia. Yeye na Macho Yake vinabaki.

Nakuletea sura ya nne, ile iliyonichelewesha. Unajua kwamba Baba kabla ya kuitwa alikuwa mchora mabango, na mpaka anafariki hakuwahi kuandika herufi ndogo hata moja. Daftari lake la kumbukumbu ni herufi kubwa tupu, kama ubao wa duka, hakuna nukta, hakuna mkato. Ilibidi niamue mwenyewe kipi kishuke na kipi kibaki, na utaona sikuwa mchoyo wa kushusha.

Ni sura ya mwaka aliofariki Mama, nikiwa na miaka miwili na nusu. Maneno ni ya Baba mwenyewe, mimi nimeyanakili tu: "Mwaka ule Bwana alimchukua mke wangu, nikabaki na mtoto." Mzee wa Kanisa aliposomewa alitoa leso. Sidhani kama vitabu vyenu vya jiografia vimewahi kumtoa mtu leso.

Mwana wa kaka yako,
Msaidizi wa Mchungaji


Ofisini, 30 Aprili

Mwanangu,

Salamu kwenu wote. Jicho la pili nalo limesafishwa, sasa naona vumbi ambalo sikujua naishi nalo. Dari inavuja juu ya kabati la kamusi. Tumeweka ndoo, na mkuu wetu ameitisha kikao kuhusu ndoo.

Sura ya nne nakurudishia. Tahajia safi. Mikato umeiweka mahali pake. Utaona alama moja tu: nimeizungushia duara B ya "Bwana" na kuweka kiulizo pembeni. Sikuishusha, na sikuiacha. Katika kazi hii mhariri asipojua huuliza, na kuna siku anajua na bado anauliza, ili mwenye mswada ajibu mwenyewe.

Litazame daftari tena.

Shangazi


Nyumbani, 9 Mei

Kwako Shangazi,

Sote wazima, asante.

Daftari nimelitazama. Limeandikwa MWAKA ULE BWANA ALIMCHUKUA MKE WANGU NIKABAKI NA MTOTO. Herufi zote zina kimo kimoja, sioni ulichotaka nikione. Bwana ni Bwana. Kama hicho ni kichekesho cha watu wa ofisini kwenu, huku hakikumchekesha mtu. Umepewa maisha ya mtu aliyekuwa akiwaombea wagonjwa mpaka sauti inamkauka, nawe kitu pekee unachokiona ni urefu wa herufi. Baba alipenda kusema kuna watu hukagua bawaba za mlango maisha yao yote na hawaingii ndani. Sasa najua alikuwa akimsema nani.

Herufi inabaki. Kamati imeshaipitisha.

Jambo jingine dogo. Tunataka picha ya kaburi la Mama kwa ajili ya sura hiyo. Baba aliniambia alizikwa kwao, mbali, na kwamba njia ya kwenda huko ni mbaya. Nimepekua makaratasi yake yote, sijaona cheti cha kifo wala jina la makaburi. Mzee wa Kanisa naye hakumbuki, ingawa anakumbuka rangi ya sare za kwaya za mwaka huo. Ungenikumbusha liko wapi ningeshukuru. Ni kwa ajili ya picha tu.

Mwana wa kaka yako,
Msaidizi wa Mchungaji


Nyumbani, 11 Juni

Shangazi,

Natumai u mzima. Hukunijibu kuhusu picha.

Mwana wa kaka yako


Nyumbani, 2 Julai

Shangazi,

Picha hatuihitaji tena. Wewe nijibu tu.


Chumbani kwangu, 14 Julai

Mwanangu,

Salamu nilizo nazo ni chache, zipokee hivyohivyo. Barua hii nimeiandika mara sita. Tano nimezichana kwa sababu zilikuwa zimeandikwa vizuri mno.

Hakuna kaburi. Mama yako hakufa. Aliondoka Jumanne moja mchana, na begi moja, pamoja na bwana mmoja aliyekuwa akizunguka mitaani kutengeneza cherehani. Alikuja kwenu kubadilisha mkanda wa cherehani ya mama yako. Kisha akarudi mara nne, na cherehani ile haikuwa mbovu kiasi hicho. Kabla hujamhukumu mama yako, jua kwamba baba yako alimkataza kushona siku ambazo yeye amefunga, kwa kuwa sauti ya mashine ilimkatia maombi, na alikuwa akifunga siku nne kwa wiki. Ushonaji ndio ulikuwa kazi yake, na ndio ulikuwa furaha yake pia. Mimi nilikuwa naishi nanyi wakati huo. Nililiona jambo lile linakuja kama mtu anavyoona mvua, na sikuanua hata nguo.

Jumapili iliyofuata kaka yangu alisimama mbele ya watu kumi na mmoja, maana kanisa lilikuwa bado ni sebule yetu, akasema, "Bwana amemchukua mke wangu." Nilikuwa benchi la pili, nimekupakata. Hakudanganya. Alisema kweli tupu, ila sikio halijui kubwa wala ndogo. Watu wakaangua kilio. Huyo mzee wenu wa vioo, wakati huo kijana mwenye nywele, ndiye aliyelia kuliko wote. Kaka yangu akawatazama. Nilimwona anafikiri, nilimwona kabisa, kisha akainamisha kichwa na kuwaacha walie. Wiki ya pili walikuja watu arobaini. Mgane huonewa huruma. Aliyekimbiwa na mke huchekwa, na nani atakwenda kuombewa na mtu anayechekwa?

Nikahama mwezi uleule, na kanisani kwake sikukanyaga tena. Nilimdharau, na nilidhani dharau ni kitu kisafi, kwamba mtu akidharau vya kutosha anakuwa ameshatimiza wajibu wake. Nimewacheka wote miaka hii: yeye, wanakamati wake, leso zao, na juzi juzi wewe na baiskeli yako. Lakini siku ile alipomaliza kusema, watu waliitikia amina, na mimi niliitikia.

Hilo silo baya zaidi. Baada ya mwaka mama yako aliandika barua akiomba akuone. Aliandika kwa anwani ya ofisi yangu, akijua za nyumbani zingechomwa. Nilizipeleka kwa kaka yangu, moja, mbili, tatu. Ya tatu aliijibu. Alimwandikia kwamba umeambiwa amekufa, umelia ukanyamaza, na kwamba akiwa na huruma yoyote asikufufulie maiti. Akaniletea jibu hilo ofisini, kwa zile herufi zake za bango, akaniambia, "Inyooshe." Nikainyoosha. Nilishusha herufi, nikaweka mikato, nikaipiga taipu kwenye mashine ya kazini na kuitia kwenye bahasha. Ilikuwa barua nzuri. Mama yako hakuandika tena.

Chini ya karatasi hii nimeandika anwani yake. Ni ya miaka mitatu nyuma. Nilipewa na mwalimu mmoja aliyeleta mswada wake ofisini, ambaye shule yake ilishonewa sare naye. Yule fundi alikwisha kufa. Yeye alikuwa hai.

Kiulizo nilichokuwekea kilikuwa woga. Kifute. B ni ndogo.

Shangazi


3 Novemba

Shangazi,

Kitabu kimetoka, na B ni kubwa.

Niliwaeleza wanakamati. Barua yako sikuwaonyesha, niliwaambia kwa mdomo, tumesimama ndani ya ukumbi mpya, viti bado vimefungwa nailoni. Mzee wa kanisa alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine nimemwambia. Nikasema mke wangu. Akasema basi tusiendelee, maana kurasa zimeshapigwa chapa, na kwamba kanisa zima limemlilia yule mama na machozi hayarudishwi. Nilimkumbusha kwamba yule mama ni mama yangu. Akanishika bega, akaniambia nipumzike. Jina langu limeondolewa kwenye jalada kwa ombi langu, na kwenye mlango wa ofisi kwa ombi lao. Siku hizi niko duka la dawa la shemeji, nabandika karatasi kwenye chupa: mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Huko hakuna anayeniuliza kimo cha herufi.

Septemba nilikwenda kwenye ile anwani.

Ni chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Kuna cherehani mbili, moja imefunikwa kitambaa. Nilimkuta ameinama juu ya sketi ya shule, pini zimejaa mdomoni. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yote yakanitoka. Nikasema mimi ni mtoto wa nani, basi. Akaanza kuzitoa zile pini, moja moja, anazichoma kwenye kimto, mpaka zikaisha zote. Ndipo akasema, "Kaa. Si hicho, hicho kibovu. Kaa hapa."

Hatukukumbatiana. Nilimuuliza kwa nini aliniacha, tena nilimuuliza kwa sauti ya mimbarini, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Alisema alidhani atanirudia ndani ya mwezi, akishapata mahali pa kukaa. Mwezi ukawa miwili. Alisema anajua jibu hilo ni dogo kwa swali langu, na hakulipamba. Nilimdharau kama robo saa hivi, nimekaa palepale kwenye kiti chake kizima. Baadaye akaniuliza kama nina watoto. Nilipomwambia mkubwa amevaa miwani aliguna, akasema, "Hiyo si yangu."

Nilimtajia ile barua ya kupiga taipu. Bado anayo. Alisema alipomaliza mstari wa kwanza alijua mumewe hakuiandika peke yake, maana mumewe hakuwahi kuweka mkato tangu azaliwe. Maneno yake nayaleta kama alivyoyasema. "Nikajua huyu ni wifi yangu. Wifi yangu kakaa chini, kaisoma yote, kaona kilichopungua ni mikato."

Sikukutetea.

Mwezi uliopita nilikwenda tena na kitabu. Alikifungua sura ya nne, akaisoma ile sentensi huku anaifuata kwa kidole, akauliza B kubwa ya nini pale katikati. Nikamweleza kanuni kama ulivyonieleza mimi, yupi hupewa kubwa na yupi ndogo. Alicheka mpaka akashika meza. "Maskini fundi wangu," alisema. "Maisha yake yote hakuna aliyempandisha cheo." Akafunika kitabu, akakiweka chini ya mguu mfupi wa kile kiti kibovu, akakijaribu kiti kwa kukikalia. Kilitulia. Kitabu sikukiondoa.

Nilipokuwa naaga nilimwambia nitakuandikia. Nikasimama mlangoni nikingoja, kwa kuwa mtu yeyote akisikia barua inaandikwa hutuma walau neno. Alirudi kwenye cherehani, akageuza kitambaa, akashona mshono mzima mpaka mwisho. Nikamuuliza kama ana la kukwambia. Akasema hapana, akakata uzi.

Kwa hiyo salamu zake sikuletei. Zangu nazo nilizitafuta kabla sijaanza barua hii, ndiyo maana imeanza bila salamu.

Mwana wa kaka yako